Udi si Mbao

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu la muhula huu nizungumze jambo lililokigawa Chama cha Muziki makundi mawili, na ambalo wazee wetu wataulizwa rai zao siku ya mkutano wa kufunga shule. Jambo lenyewe ni hili. Kanuni yetu na fidla mbili zahitaji kwenda Unguja kwa fundi. Zitakwenda kwa wakala wa vifurushi, maana hapana mtu wa kufuatana nazo. Je, tuzikatie bima, au tuzipeleke hivi hivi kama tulivyoupeleka udi mwaka jana?

Mimi ni katika wale wasemao tukate bima, na sababu yangu ya kwanza ni ya aibu. Hati ya ule udi niliijaza mimi.

Wanafunzi wa Kidato cha Kwanza hawakuuona udi huo. Ulikuwa zawadi ya mzee mmoja aliyesoma hapa zamani, na fundi aliukadiria Sh. 900,000. Nilipofika kwa wakala, karani aliniuliza, "Mwanangu, ndani mna nini, na thamani yake kiasi gani?" Nilijua kwamba thamani ikipanda na ada hupanda, na mfukoni nilikuwa na fedha chache za chama. Nikajibu, "Mbao, shilingi thelathini elfu." Akaandika, akapiga muhuri, nami nikatoka nikijiona hodari. Udi ulifika bandari ya Malindi shingo imekatika na uso umepasuka tangu tundu mpaka ukingoni. Maalim wetu alipokwenda kudai alionyeshwa hati ile ile. Nani atadai udi kwa hati ya mbao? Akalipwa Sh. 30,000. Aliporudi hakunigombeza, aliiweka hati mezani mbele yangu akaenda darasani.

Wenzetu wa upande wa pili wasema kwamba kuulinda mzigo ni wajibu wa msafirishaji, basi bima ya nini? Hapa ndipo wengi tunapokosea. Wajibu wa msafirishaji una mpaka, na mpaka huo aghalabu umeandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya stakabadhi, mahali ambapo hatusomi. Chukueni mfano wa mizigo iendayo kwa ndege kutoka nchi moja hadi nyingine. Mizigo hiyo huongozwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, na Tanzania imo katika mkataba huo. Tangu tarehe 28 Desemba 2024, mzigo ukipotea au ukiharibika, mpaka wa malipo ni SDR 26 kwa kilo moja. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na moja huzidi kidogo dola moja ya Marekani. Sasa pigeni hesabu. Udi pamoja na sanduku lake tuseme ni kilo 4: mpaka wake ni SDR 104. Gunia la mchele la kilo 50 mpaka wake ni SDR 1,300. Mizani haijui muziki! Aliyetaka zaidi ya hapo hana budi kutangaza thamani ya mzigo wake kabla haujaondoka na kulipa ada iliyozidi, au kukata bima mbali. Mzigo wetu hautapanda ndege, na sheria ya boti si hiyo, lakini desturi ya kuweka mpaka utaikuta karibu kwa kila msafirishaji. Moja ya kampuni kubwa za vifurushi za Marekani imeandika katika masharti yake kwamba ala ya muziki yenye umri wa zaidi ya miaka 20 haiwezi kutangazwa kwa thamani ipitayo dola 1,000, hata kama mwenyewe aliinunua kwa dola 10,000.

Tena wasema wapagazi wa siku hizi ni wazoefu. Ni kweli, lakini uzoefu hauzuii mkono kuteleza. Mwaka 2020 mjini Berlin wachukuzi waliiangusha piano ya Fazioli ya bibi Angela Hewitt, mpigaji mashuhuri wa Kanada, walipokuwa wakiitoa chumba cha kurekodia. Kiunzi chake cha chuma kilivunjika, na mwenye kiwanda alipoikagua akaona haitengenezeki. Ikiwa chuma kilivunjika, itakuwaje kanuni yetu, ambayo ina nyuzi zaidi ya sabini zikivuta kwa pamoja, na daraja lake limesimama juu ya ngozi nyembamba?

Wako pia wa katikati, wanaotaka tukate bima "kidogo tu." Shauri hili naliogopa kuliko la kutokata kabisa, kwa sababu lina sura ya busara. Tuseme fidla ya Sh. 600,000 imekatiwa bima ya Sh. 200,000. Imeharibika, na fundi ataka Sh. 150,000. Mwenye fidla atadhani atalipwa zote kwa kuwa hazikufika 200,000. Bima nyingi hazihesabu hivyo. Umekatia theluthi ya thamani, basi utalipwa theluthi ya hasara, yaani Sh. 50,000.

Gharama je? Kanuni imekadiriwa Sh. 1,200,000, na fidla mbili ni Sh. 1,200,000 nyingine. Tuseme tutatozwa shilingi 2 kwa kila 100: jumla itakuwa Sh. 48,000. Wanachama tu 40, kwa hiyo kila mmoja atoe Sh. 1,200. Haizidi bei ya soda mbili.

Lakini nisiwadanganye wazee. Bima hailipi kila kitu. Mwenye bima akiona ala ilifungwa vibaya atakataa, naye ana haki. Udi wetu niliuzungushia gunia moja tu na nyuzi zake zimekazwa vile vile, jambo ambalo peke yake lingetosha kuukata shingo. Gundi ya ngozi inayoshika mbavu za udi hulainika kwa joto na unyevu, na ghala la boti lina vyote viwili. Safari hii nyuzi zilegezwe, kila ala iwe ndani ya sanduku lake, na sanduku hilo liwe ndani ya jingine lenye matandiko pande zote, hasa chini ya shingo. Ipigwe picha kabla ya kufungwa, na barua ya fundi yenye makadirio iambatishwe. Atakayepokea Unguja afungue mbele ya karani. Akiona kasoro aiandikishe pale pale, kwani madai nayo yana muda wake. Chini ya ule Mkataba wa Montreal, mzigo ulioharibika hulalamikiwa kwa maandishi katika siku 14, baada ya hapo huna kesi.

Na kama yuko mzazi anayesafiri likizo hii, aliye tayari kuipakata kanuni mapajani mpaka Unguja, nasema apewe yeye, na fedha za bima tununulie nyuzi. Kanuni si mgeni wa bahari. Nadi Ikhwan Safaa, iliyoanzishwa Unguja mwaka 1905, iliagiza ala zake Misri, nazo zilikuja kwa meli.

Masanduku yamekwisha kuchongwa katika karakana ya shule, yamebaki kupakwa rangi. Asipopatikana mzazi huyo, nimeomba hati nijaze tena mimi, na Maalim amekubali.

Katibu wa Chama cha Muziki,
Kidato cha Tano