MGENI KAJA, MWENYEJI KAPONA?



Wahenga walituachia neno: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni kaja, tena kaja kwa maelfu, kwa ndege na kwa meli. Leo tunauliza swali moja tu, na tunaliuliza hadharani bila ya kificho: mwenyeji kapona?

Atakaye jibu na ashike njia itokayo upande wa Darajani, apite Changa Bazaar na Hurumzi, atokee Gizenga nyuma ya Ngome Kongwe. Ahesabu mwenyewe milango mingapi inauza mchele, sukari, uzi na misumari. Kisha ahesabu mingapi inauza vinyago, fulana na vifurushi vya viungo kwa ajili ya mpita njia wa siku mbili. Akimaliza hesabu hiyo, hatutakuwa na haja ya kumhubiria.

Maduka haya hayakushuka na mvua. Katika karne ya 19 wafanyabiashara waliotoka Kachi na Gujarati walijenga hapa nyumba ambazo chini ni duka na juu ni makazi. Kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa. Dari zake ni boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliokata shauri la upana wa chumba. Mbele ipo milango ya mbao inayokunjwa asubuhi, duka likawa wazi kwa njia nzima, na kurejeshwa usiku. Nje ipo baraza, ambapo mnunuzi alikaa, akapata kahawa, habari za mji, na akiishiwa, akaandikiwa deni katika daftari. Humo ndimo walimofanya kazi sonara, mshona kofia, muuza halua na fundi wa saa.

Hatusemi kwamba mji huu ulikuwa pepo. Ulijengwa pia kwa jasho la watumwa, na soko lao halikufungwa ila mwaka 1873. Lakini duka la mtaani lilikuwa mahali ambapo maskini na tajiri walisimama mbele ya mizani moja. Jambo hilo si dogo.

Je, nani kaliharibu? Baada ya mwaka 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na Serikali. Lakini aliyezichukua nyumba hakuichukua na ndoo ya chokaa. Mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya kuuhifadhi mji. Mwaka 2000 UNESCO ikauingiza katika Urithi wa Dunia. Tukapiga makofi. Kisha tarehe 25 Disemba 2020, Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, likaporomoka ilhali limo katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Ikiwa jumba la fahari ya nchi limeanguka mbele ya macho ya dunia, nani atalilinda duka la milango minne la Kiponda?

Watetezi wa wakubwa watatwambia: biashara ni huru, na mwenye kodi kubwa ndiye anayestahiki. Tunawajibu: UNESCO haikuuandika mji huu kwa sababu ya fulana. Iliuandika kwa kuwa ni mfano bora wa miji ya biashara ya pwani ya Waswahili. Biashara ya wenyeji ikifa, kitakachobaki ni kaburi lililopakwa rangi, na hata mgeni hatimaye atachoka kulizuru kaburi.

Watasema tena: nyumba hizi ni mbovu, saruji itaziponya. La hasha! Ukuta wa chokaa unapumua. Ukiupaka saruji, unyevu na chumvi vinafungiwa ndani, na ukuta unaoza huku uso wake unang'ara. Namna hiyo ndivyo inavyotengenezwa na siasa ya nchi.

Watasema mwisho: hawa wanawachukia wageni, wanawachukia waliotoka bara. Uongo mtupu. Aliyefungua duka kwa halali ni ndugu yetu, awe ametoka popote. Tunachokipinga ni mkataba unaoandikwa gizani, na mpangaji wa miaka mingi kuyasikia mauzo ya mlango wake kutoka kwa watu wa njiani.

Na sisi wenyewe tusijitoe. Wamo miongoni mwetu walioung'oa mlango wa babu yao wakauuza, kisha wakaja mkutanoni kulia kwamba mji unakufa. Dhulma haigeuki kuwa halali kwa sababu mfanyaji ana kadi ya chama chetu.

Kwa hiyo tunadai haya:

1. Orodha ya maduka yote ya Serikali katika Mji Mkongwe itangazwe: nani kapanga, kwa kodi gani, kwa muda gani.

2. Mpangaji wa zamani apewe haki ya kwanza kabla duka halijapewa mwengine.

3. Mlango wa duka au baraza visiguswe mpaka tangazo libandikwe kwa sheha, na majirani wasikilizwe.

4. Sehemu ya fedha zinazotozwa watalii itengwe kwa chokaa, boriti na kuwafunza vijana ufundi huo, na hesabu zake zisomwe hadharani.

Hatukuomba hisani hapa. Tumeomba hesabu, na mwenye hesabu safi haogopi kuulizwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi ukuta tumekwisha kuuona ukianguka.

Ukishasoma, mpe mwenzio.