Kijana Asiye na Kaburi

Ndugu msomaji, siku ukifika Dodoma, tenga muda ukayatazame makaburi ya askari wa Dola ya Uingereza waliofariki katika Vita Kuu ya Kwanza. Jeshi lao, chini ya Jenerali van Deventer, liliiteka Kondoa Irangi mwezi Aprili 1916, na Dodoma mwishoni mwa Julai. Katika vita hivyo malaria na kuhara damu viliua wengi kuliko risasi. Hao nao walikuwa watoto wa watu, na yafaa majina yao yatunzwe.

Lakini je, kijana wa Kigogo aliyewabebea chakula na risasi amelala wapi?

Kijana huyo hakuitafuta vita. Alichunga ng'ombe wa baba yake, akala ugali wa uwele kwa mlenda, akalala katika tembe la mama yake. Wajerumani walichukua wapagazi, mifugo na nafaka. Walipoondoka, Waingereza wakadai yale yale. Akatwikwa mzigo wa ratili 50 au zaidi, akaingizwa katika mvua na matope ya bonde la Rufiji. Akalishwa unga wa mahindi asiouzoea, mara nyingi usioiva. Tumbo likamshinda, akaanguka njiani.

Yakadiriwa kuwa wapagazi 95,000 walikufa upande wa Waingereza peke yake, wengi kwa maradhi.

Nyumbani mama alingoja. Vita vilikwisha Novemba 1918, lakini vijana wa kulima walikuwa wamechukuliwa, maghala yalikuwa matupu, na mvua ikakosekana. Njaa iitwayo Mtunya ikaangamiza maelfu ya Wagogo hadi mwaka 1920. Pengine hata aliyemngoja hakusalia.

Mwaka 1927 askari alisimamishiwa sanamu Dar es Salaam. Mpagazi akabakia na jina la mtaa, Kariakoo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba marehemu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, ama hawakukumbukwa kabisa.

Ndugu msomaji, kazi hii tusiiachie tume peke yake. Leo, baada ya chakula, waulize wazee wa ukoo wako: ni nani aliyekwenda na mizigo asirudi? Jina likipatikana, liandike katika daftari la nyumbani, uwasomee watoto. Na akizaliwa mjukuu, mpeni jina hilo, lipate kuitwa tena uani.