Kabla ya mkopo wa mashine, bledi

Seremala wa wilayani Same akilaumiwa kwa kingo zilizochanika, jibu analo tayari: mashine yenyewe ya bei chee. Kuna ukweli hapo, ila ni nusu tu. Msumeno wa duara wa bei ya chini aghalabu huja na kitako cha bati jepesi, mwongozo wa pembeni unaochezacheza, na bledi ya meno 24 iliyokusudiwa kuchana mbao haraka, si kukata plaiwudi ya mlango wa kabati. Injini haina kosa. Bledi ya milimita 185 ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, kila jino linakimbia karibu mita 48 kwa sekunde, na mwendo huo unatosha kabisa kutoa mkato safi. Kinachoharibu kazi kiko chini ya injini, na karibu chote kinarekebishika hapo hapo karakanani.

Jambo hili linagusa fedha za umma. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa 2024. Kikundi cha vijana maseremala kinapojaza fomu, kishawishi ni kuandika mashine kubwa. Bledi haivutii kwenye fomu, ingawa ndiyo inayogusa ubao.

Bledi ya meno 40 inafaa kwa kazi nyingi. Ya meno 60 ni ya plaiwudi na mikato ya kukingama. Kasi ya juu iliyoandikwa ubavuni mwake isiwe chini ya kasi ya mashine. Tundu likizidi ekseli itumike ringi yake, maana kipande cha bati kilichochomekwa kukazia huiacha bledi ikiyumba. Na isitupwe upesi: utomvu wa msonobari ukiganda kwenye meno, bledi hupata moto na kuunguza ubao hata kama bado ina makali. Kuiloweka kwenye maji ya sabuni na kuisugua kwa brashi humaliza tatizo.

Baada ya bledi, kitako. Plagi ikiwa imechomolewa, fundi apime kutoka ukingo wa kitako hadi jino moja la mbele, kisha aizungushe bledi mpaka jino lile lile lifike nyuma, apime tena. Vipimo vikitofautiana kwa milimita moja, bledi inakwenda upande na kukwangua mkato inaoupita. Skruu zilegezwe, kitako kinyooshwe.

Vibanzi navyo vina chanzo chake. Msumeno wa mkononi hukata kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo nyuzi za mbao hung'oka upande wa juu, ule ule ambao fundi ameuelekeza machoni ili auone mstari. Uso mzuri wa ubao ulale chini. Msumeno uliogeuzwa na kufungwa chini ya meza, kama wengi wanavyofanya, mambo hugeuka: hapo uso mzuri hukaa juu.

Rekebisho linaloshinda yote, hata hivyo, halihitaji kugusa mashine. Ni ubao wa mwongozo. Fundi achukue plaiwudi nyembamba ndefu, ya milimita 6 hivi, abandike juu yake kwa gundi fito iliyonyooka, na aache upande mmoja nafasi pana kuliko kitako. Gundi ikikauka, aendeshe msumeno akiuegemeza kwenye fito. Bledi itakata ziada yote ya plaiwudi. Kuanzia hapo ukingo wa plaiwudi ndio mstari wenyewe. Unawekwa juu ya alama, unabanwa kwa vibano viwili, msumeno unapita, na ukingo huo unazikandamiza nyuzi pale pale meno yanapotokea. Kina kinapungua kwa milimita 6, lakini msumeno wa bledi ya 185 bado unamaliza ubao wa inchi mbili.

Wapo wanaopendelea kufunga plaiwudi moja kwa moja chini ya kitako na kuipasua kwa bledi. Mkato unakuwa safi kweli, ila kinga ya chini inakosa pa kupita na kubaki imefunguka. Huo si uboreshaji. Wala si uboreshaji kuifunga kinga kwa waya ili isisumbue, au kuvalisha grinda ndogo bledi ya mbao: grinda hiyo huzunguka mara 11,000 kwa dakika, haina kitako cha kulalia ubao, na bledi ikinasa huruka kuelekea kwa aliyeishika.

Mbao nazo haziruhusu uzembe. Mti wa mkulo wa msitu wa Chome wilayani Same, chini ya kilele cha Shengena chenye mita 2,463, ulipasuliwa miaka mingi kwa misumeno ya watu wawili juu ya mashimo, na leo msitu huo ni hifadhi. Fundi amebaki na mgrivea na mkaratusi wa mashambani, na misonobari ya mashamba ya miti. Ubao wa shambani mara nyingi umepasuliwa kwa chensoo, uso wake mabondemabonde, na kitako hutikisika juu yake. Uso mmoja upitishwe randa kwanza.

Mteja mkubwa wa kazi hii ni serikali yenyewe. Kampeni ya madawati ya mwaka 2016 ilidai idadi, na idadi ikahesabiwa. Zabuni za sasa za madawati wilayani zingetaja na kingo: ukingo usio na vibanzi, kona zilizopigwa msasa, na mkaguzi apitishe kiganja chini ya kiti na ukingoni mwa meza kabla ya kusaini kupokea mzigo.