Kuku Ni Ndege. Je, Guni Ni Shairi?

Mwaka mmoja, nikiwa bado darasani, niliwaambia wanafunzi wa kidato cha pili waniandikie majina ya ndege watano. Waliandika njiwa, kunguru, tai, mwewe, kasuku. Hakuna hata mmoja aliyeandika kuku, ilhali kuku walikuwa wakichakura chini ya dirisha letu wakati ule ule. Nilipowauliza iwapo kuku si ndege, walicheka wakakubali kuwa ni ndege. Lakini walisita kwanza.

Kusita huko ndiko alikokuchunguza mwanasaikolojia Eleanor Rosch wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika miaka ya 1970. Chuoni sisi walimu tulifunzwa kuwa dhana ni fasili: orodhesha sifa, chenye sifa zote kimo, kisicho nazo kiko nje. Rosch alionyesha kuwa akili haifanyi kazi hivyo. Huanza na mfano ulio bora, kisha hupima vingine kwa kadiri vinavyofanana nao. Watu aliowajaribu walikubali upesi kuwa ndege mdogo wa bustanini ni ndege. Kwa kuku walichelewa.

Nayasema haya kwa sababu ya ugomvi wetu usiokwisha: shairi ni nini? Mimi ni mtu wa vina na mizani. Kitabu cha Kaluta Amri Abedi cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi, nilikishika kama msahafu. Basi msichana mmoja aliponiletea utungo usio na vina, juu ya mtungi wa bibi yake uliopasuka siku ya msiba, niliandika neno moja kwa wino mwekundu: guni. Alama 3 kati ya 20.

Leo naona kuwa niliuchukua mfano bora nikaufanya mpaka. Tarbia yenye mizani 16 katika kila mshororo ndiyo njiwa wa ushairi wetu; ndiyo itujiayo kwanza tusikiapo neno shairi. Lakini neno lenyewe limetanuka. Kwa malenga wa kale wa Lamu na Mombasa, shairi lilikuwa bahari moja tu, kando ya utenzi, wimbo na ukawafi. Sisi ndio tulioziingiza zote katika zizi moja. Na Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mabishano yaliyowaka (nami nilikuja kuyachochea, Mungu anisamehe) yalikuwa kwa sehemu kubwa mabishano ya iwapo mbuni ni ndege.

Sisemi, kama wasemavyo vijana wengine, kwamba kila maneno yaliyokatwa mistari ni shairi. Popo wa hadithi zetu alijidai ndege kwa ndege na mnyama kwa wanyama, mwisho hakupokewa na yeyote. Dhana isiyo na ua bado ina kitovu, na atungaye mbali na kitovu sharti atupe kitu cha kutuvuta: taswira, mapigo, neno lisilobadilishika.

Utungo wa yule msichana ulikuwa nacho. Hakumtaja marehemu popote. Vigae vya mtungi ndivyo vilivyobeba msiba wote. Mashairi yenye vina niliyoyapa alama 15 mwaka ule, silikumbuki hata moja.