Nobu Moja ya Kuvuta Yatosha

Imekuwa desturi miongoni mwa vijana wapigao magitaa ya umeme, na hata miongoni mwa mafundi wanaowatengenezea, kuona kwamba chombo hakijatimia mpaka kila nobu iliyo juu yake iwe na swichi ya kuvuta iliyofichwa chini yake, hata gitaa lenye nobu nne likawa na sauti nyingi kuliko awezavyo mpigaji kuzikumbuka, seuze kuzitumia mbele ya watu waliokwisha kusimama kucheza. Mimi siliafiki jambo hilo. Nobu ya namna hii ni tadbiri njema, kwani humwongezea mpigaji uwezo pasi na kulitoboa gitaa lake tundu jipya. Lakini sharti ichaguliwe kwa kuuangalia mkono wa mpigaji na nafasi yake ndani ya bendi, wala si kwa wingi wa sauti aliouahidi muuzaji.

Kwa asiyekijua kifaa chenyewe, na ajue kwamba chini ya kila nobu ya gitaa mna kile ambacho mafundi redio wetu hukiita volyumu, yaani kizuizi cha umeme kinachozidi au kupungua kadiri nobu inavyozungushwa. Na katika aina ninayoizungumzia, chini ya volyumu hiyo imeunganishwa swichi ndogo yenye miguu sita ya kulehemiwa, mitatu kila safu, ambayo huhama nobu ikivutwa juu na kurejea ikisukumwa chini. Kuzungusha hurekebisha sauti. Kuvuta hubadili njia inayopitwa na umeme.

Haja ya kubadili njia hizo ni ya zamani, na walioitambua mwanzo ni wapigaji wenyewe. Kampuni ya Fender ya California ilipolitoa gitaa la Stratocaster mwaka 1954, ililipa pikapu tatu, yaani vinasa vya sauti ya nyuzi, na swichi ya vituo vitatu, kila kituo na pikapu yake. Wapigaji wakagundua kwamba swichi ikishikizwa baina ya vituo viwili, pikapu mbili hulia pamoja kwa sauti ya kupendeza mno, nao wakadumu kuishikiza hivyo mpaka mwaka 1977, kampuni ilipoweka swichi ya vituo vitano. Kwa upande wa Gibson, mhandisi Seth Lover aliibuni pikapu ya koili mbili, akaiombea hataza mwaka 1955, na miaka miwili baadaye ikaanza kuwekwa magitaani: koili hizo zimesukwa na kupewa ncha za sumaku zinazopingana, hata mvumo wa umeme unaoingia katika koili moja ukabatilishwa na ule wa mwenzake, ilhali sauti ya nyuzi ikajumlishwa. Sauti yake ni nene na tulivu. Lakini maadamu mpigaji huyo huyo hutamani pia wembamba na ung'avu wa koili moja, swichi za ziada zikatafutiwa mahali, na mahali palipopatikana pakawa chini ya nobu.

Hapa ndipo ninapotafautiana na mafundi wengi. Ombi la kwanza la kila mteja ni kwamba nobu ikivutwa koili moja inyamazishwe, naye fundi humtimizia bila ya kumwambia kwamba koili ikinyamaza, ule mvumo uliokuwa umebatilishwa hurudi wote. Katika kumbi zetu nyingi, ambamo taa za mirija huwaka juu ya jukwaa na waya wa ardhi ama haupo ama umekatika, mvumo huo si jambo la kudharauliwa. Iko njia iliyo bora: koili zote mbili zibaki kazini, ila badala ya kufuatana, ziunganishwe sambamba. Chukua pikapu ambayo kila koili yake ina omu 4,000: zikifuatana ni omu 8,000, ikibaki moja ni 4,000, zikiwa sambamba ni 2,000; nguvu yapungua, naam, lakini sauti huwa nyembamba na safi, na mvumo haurudi. Kwa bendi zinazofuata mtindo wa Kongo, ambamo gitaa la mi-solo hupita baina ya solo na lile la akodi, sauti ya namna hii ndiyo inayofaa zaidi, kwa kuwa hupata njia yake bila ya kuwafunika wenzake. Kwanza, hata hivyo, fundi aitazame pikapu: isipokuwa na nyaya nne mbali na ule wa ardhi, swichi haitakuwa na cha kuunganisha, na pesa za nobu zitakuwa zimepotea.

Wako pia waitakao nobu ya kugeuza mkondo wa pikapu moja ili ipingane na nyenziwe, kwa kuwa wamemsikia Peter Green wa Fleetwood Mac, ambaye katika gitaa lake la Les Paul la mwaka 1959 sumaku ya pikapu ya shingoni ilikuwa imegeuzwa, na pikapu mbili zikipigwa pamoja zikatoa ile sauti ya puani yenye huzuni. Ni sauti tukufu mikononi mwake. Lakini ni nyembamba mno, na mpigaji wa dansi ataihitaji kwa nadra sana. Anayetaka yote haya kwa pamoja na amwige Brian May wa Queen, aliyelianza gitaa lake pamoja na baba yake mwaka 1963 na kuliwekea swichi sita za kuteleza, mbili kwa kila pikapu, zote zikiwa wazi mbele ya macho yake; ilhali nobu iliyovutwa hupanda milimita chache tu, na katika mwanga hafifu wa ukumbi nani ataitambua?

Mtu akiisha kuamua kazi ya nobu yake moja, ndipo aende dukani, na rula aichukue. Pikapu za koili mbili aghalabu hutaka volyumu ya kilo-omu 500 na zile za koili moja 250, kwani kizuizi kidogo hula ukali wa sauti. Kimo ndicho kinachowaponza wengi, kwa kuwa swichi hurefusha kifaa kwenda chini, na magitaa membamba hayana kina cha kukimeza. Aidha, aangalie mhimili: ule wa Kimarekani una meno madogo 24, ule wa Kiasia una meno 18, na nobu isiyolingana na meno yake itabaki vidoleni siku ya kwanza kuvutwa. Mimi napendelea mhimili laini na nobu yenye skrubu ya kukazia ubavuni. Umbo nalo lina hukumu yake, kwani nobu yenye ukingo mpana chini hushikika kwa ukucha, hali ile iliyonyooka kama pipa huteleza katika mkono wenye jasho. Kwa mkono kama huo heri ile ya kubonyeza, inayopanda na kushuka kwa kidole kimoja.

Na swichi hiyo iwekwe kwenye nobu ya toni, si ya ukubwa wa sauti, kwa sababu ukubwa wa sauti huguswa kila dakika, na anayeivuta nobu hiyo kwa haraka huizungusha bila ya kukusudia, solo ikaanza kwa kunong'ona. Hewa ya chumvi ya pwani hutia kutu katika miguu ya swichi; basi fundi akimaliza kulehemu na achore njia za nyaya katika karatasi, aiweke ndani ya mkoba wa gitaa, ili atakayekuja kuisafisha swichi hiyo baadaye asilazimike kukisia.