Pima Rimu Kwanza, PIN Baadaye

Tangazo la rimu za mtumba huwa na vitu vitatu: picha iliyopigwa baada ya rimu kuoshwa vizuri, bei iliyo chini kidogo ya ile ya duka, na maneno "tuma dipoziti nikuwekee." Kitu ambacho mara nyingi hakipo ni nambari. Kwa maoni yangu, tangazo la rimu lisilo na nambari halifai kupokea hata shilingi moja kutoka kwa simu yako.

Nimesomea mambo ya masoko, kwa hivyo naijua vizuri ile sentensi ya "imebaki seti moja tu, kuna mteja mwingine yuko njiani." Wakati mwingine ni kweli. Lakini iwe kweli au uongo, kazi yake ni moja: kukufanya uamue kabla hujauliza maswali. Zamani, hata ukishawishika, ungelazimika kupanda matatu hadi Kirinyaga Road na pesa mfukoni, na hapo njiani ungepata muda wa kufikiria. Leo kati ya kushawishika na kulipa kuna PIN tu. Haraka hiyo ni nzuri sana ukilipa karo au ukimtumia mama pesa ya dawa. Kwa rimu, wewe ndiye unafaa kushika breki.

Matundu manne hayatoshi

Chukua magari matatu ambayo yamejaa barabarani kwetu: Toyota Vitz, Honda Fit na Nissan Note. Yote yana nati nne kwa kila gurudumu, na nati zenyewe zimepangwa kwenye duara la milimita 100. Hiyo ndiyo mafundi huita 4x100, ama PCD. Kwa hivyo muuzaji akikuambia "hizi zinaingia gari zote ndogo," hadanganyi kabisa. Amekuambia nusu tu.

Nusu ya pili ni tundu la katikati. Habu ya Vitz ni milimita 54.1, ya Fit ni 56.1 na ya Note ni 60.1. Rimu ya Vitz haiwezi kupita kwa habu ya Note. Rimu ya Note itaingia kwa Vitz bila shida, lakini itabaki na nafasi ya karibu milimita 6. Usipoweka pete ya kuziba hiyo nafasi, rimu inaweza kukaa upande kidogo, na ukifika kasi ya barabara kuu usukani unaanza kutetemeka.

Kuna nati pia. Meno ya nati za Toyota na Honda ni ya 1.5, ya Nissan ni ya 1.25, kwa hivyo nati za gari moja usizilazimishe kwa lingine. Na mahali nati inapokaa kwenye rimu pia panatofautiana: rimu za kiwanda za Honda zinataka nati ya mviringo, rimu nyingi za kununua kando zinataka nati ya umbo la koni. Nati isiyokaa vizuri hulegea. Gurudumu likichomoka ukiwa na familia ndani, hapo tumeacha kuzungumzia hasara ya pesa.

Kwa magari ya nati tano mambo ni hayo hayo. Toyota Premio ni 5x100, Mark X ni 5x114.3, na Volkswagen Golf za miaka ya karibuni ni 5x112. Tofauti ya 112 na 114.3 macho hayaioni, na kuna mtu atakuambia ukaze tu itaingia. Kataa.

Soma mgongo wa rimu

Habari njema ni kwamba rimu nyingi hujieleza. Igeuze. Nyuma utaona maandishi kama 15x6J, yaani kipenyo cha inchi 15 na upana wa inchi 6. Karibu na hapo kuna ET45 au nambari inayofanana nayo. Hiyo ET ni ofseti, inayoonyesha rimu itakaa ndani au nje kiasi gani. Ikiwa ndogo kuliko ya gari lako, tairi linatokeza nje na linaweza kukwaruza mkingamo wa matope. Ikiwa kubwa, linaingia ndani na linaweza kugusa shokamzoba.

Soma zote nne. Si ajabu kupata "seti" iliyounganishwa kutoka magari mawili: sura moja, rangi moja, lakini mbili ni ET45 na mbili ni ET38. Kwa picha ya mbele huwezi kujua.

Kama rimu zinakuja na matairi, fanya hesabu kidogo. Tairi la 175/65R14 lina kipenyo cha karibu milimita 583. Ukihamia rimu za inchi 15, 185/55R15 lina karibu milimita 585, kwa hivyo mambo yanabaki sawa. Ukiuziwa 195/65R15, hilo ni karibu milimita 635. Spidomita ikisoma 80, gari linaenda karibu 87. Halafu angalia tarakimu nne za mwisho za maandishi ya DOT ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri na bado likawa limezeeka. Na kama gari lako huzungusha magurudumu yote manne, kama Subaru nyingi, matairi yasiyolingana ukubwa yanaumiza mitambo ya chini, na hiyo si bili ya elfu mbili.

Pesa ifuate ukweli

Sasa tuje kwa simu. Tuseme seti ni shilingi 24,000 na muuzaji anataka dipoziti ya 5,000. Yeye pia ana kilio chake: wateja humwambia "niwekee," anafukuza wengine, halafu hawaonekani. Kwa hivyo sisemi dipoziti ni wizi. Ninasema dipoziti ina wakati wake, na wakati huo ni baada ya nambari.

Mimi ningefuata mpangilio huu:

1. Omba picha za nyuma ya rimu zote nne, maandishi yakisomeka. Anayeuza kitu halali hatashindwa kugeuza rimu nne.

2. Andika makubaliano kwa ujumbe: "Rimu 4, 15x6J, 4x100, ET45, hazijapinda, hazijachomelewa. Zisipoingia unanirudishia dipoziti." Subiri ajibu ndiyo. Hii si kusumbuana. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya sheria za Kenya, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Bila maelezo yaliyoandikwa, utabaki kusema "aliniambia."

3. Kama uko Kitale na rimu ziko Nairobi, tafuta fundi wa huko unayemwamini, mtumie nauli na kitu kidogo, aende azione. Ni afadhali ulipe macho ya mtu kuliko kulipia picha.

4. Ukilipa, lipa kwa nambari ya till au paybill ya biashara ikiwa ipo, na usome jina linalotokea kabla hujakamilisha malipo. Kama duka lina jina moja na pesa inaenda kwa jina lingine kabisa, uliza kwanza.

5. Salio lipe baada ya kujaribu. Funga rimu moja mbele, kwa sababu breki za mbele kwa kawaida ndizo kubwa, izungushe kwa mkono, kata usukani hadi mwisho pande zote mbili. Ipeleke kwa mashine ya balansi uone kama inayumba. Ndipo utume.

Kuna jambo ambalo kampuni ya malipo inafaa kukuambia wazi. Kurudishiwa pesa iliyoenda kwa nambari isiyo sahihi ni jambo moja, na rimu kukataa kuingia ni jambo lingine. Kwa hili la pili, pesa ilienda kwa mtu uliyemkusudia, kiasi ulichokusudia. Mfumo umefanya kazi yake. Kinachobaki ni wewe, muuzaji, na kile mlichoandikiana.

Ndiyo maana usifute ujumbe wa malipo. Una tarehe, saa, jina na nambari ya muamala. Uweke pamoja na zile picha na yale makubaliano, na hapo una ushahidi unaoeleweka, hata mbele ya chifu au mahakama ya madai madogo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la siku hizi liko kwenye simu yako tayari, ni wewe tu uliandike vizuri.

Wengine watasema ukifanya haya yote utapitwa na bei nzuri. Inawezekana. Rimu za mtumba hazijaisha Kenya, na hazitaisha wiki hii. Seti inayokimbia kabla hujaisoma mgongo, iache iende. Gari lako lina nambari zake. Rimu sahihi ni ile iliyo na nambari hizo hizo, na muuzaji asiyeogopa kukuonyesha.