KUIGA PICHA SI WIZI, LAKINI TUSIBAKI HAPO



Siku hizi kuna ubishi kati yetu juu ya wale wanaojifunza kuchora kwa rangi za mafuta. Wanachukua picha ya Yesu akipelekwa kaburini, ile ya Caravaggio wa Italia, na kuiiga kipande kwa kipande. Wengine wanasema: huo ni wizi, mchoraji wa kweli anatoa picha katika kichwa chake. Wengine ati ni kupoteza franga bure. Sisi tunasema hapana. Kuiga ni shule. Lakini ni shule ya kwanza, si ya mwisho.

Tuangalie kazi yenyewe. Caravaggio alichora picha ile Roma karibu mwaka 1603. Nyuma ni giza tupu. Mwanga unaanguka juu ya mwili wa Yesu, juu ya kitambaa cheupe, juu ya miguu mitupu ya wanaombeba. Ukiitazama tu, unasema "nzuri" na unapita. Ukiiiga, unapashwa kujibu: mwanga unatoka upande gani? Namna gani mkono ule unaonekana hauna uzima? Kivuli kile ni cheusi kweli, ao ni kahawia yenye nyekundu ndani?

Tena mafuta yanafundisha uvumilivu. Rangi ya maji inakauka upesi. Ile ya mafuta inadai siku nyingi, zaidi sana katika baridi na ukungu wetu wa Alimbongo. Unaanza na kahawia nyepesi, unapanga giza na mwanga. Ikikauka, ndipo unaweka juu rangi zenye mafuta mengi zaidi. Ukigeuza utaratibu huo, picha itapasuka kesho. Mambo haya mkono unayajua kwa kuyafanya, si kwa kuyasikia tu.

Hata wakubwa walipita njia hiyo. Rubens wa Antwerpen, kule Ubelgiji, alikuwa na sifa tayari alipoiga picha hiyohiyo, miaka kama 10 baadaye. Lakini hakuifuata yote: aligeuza watu na namna walivyosimama. Na kwaya zetu je? Zinaanza na nyimbo za wengine, kisha zinatunga zao. Nani amewaita waimbaji wezi?

Bon, wanaotupinga wana neno zito pia. Mwaka 1946, Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha shule ya kuchora iliyoitwa Hangar. Hakutaka wanafunzi waige picha za Ulaya. Pilipili Mulongoy akatoka pale na samaki na ndege wake mwenyewe. Naye Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Tanzania, alifundisha kwamba kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Katika kanisa la Murang'a, Kenya, miaka ya 1950, alichora maisha ya Yesu kati ya watu weusi na vilima vya pale. Maneno hayo yanatuchoma, na ni haki yatuchome. Mwanafunzi anayeiga miaka 3 bila kuchora hata uso wa nyanya yake, huyo amejifunza nini?

Kwa hiyo tunaomba mambo 2. La kwanza: kila aliyeiga aandike chini ya picha, "Nimeiga Caravaggio", kisha jina lake. Bila hivyo, kweli ni uongo. La pili: akimaliza, afunge kitabu, achore picha nyingine yake mwenyewe, kwa mwanga uleule. Hatuna haja ya kwenda mbali. Watu 4 wanapanda kilima na mgonjwa katika kipoyi, asubuhi, miguu mitupu katika matope, jua linapasua ukungu upande mmoja. Si ni picha ileile? Lakini hiyo Caravaggio hakuiona. Sisi tumeiona.

Walimu wapendwa, mtusaidie kutundika picha hizo 2 pamoja ukutani, ile ya kuiga na ile ya mwenyewe. Hapo kila mtu ataona kama shule ya kwanza imezaa kitu. Mwenye wazo lingine aandike. Ukurasa huu ni wetu sote.